Ami anastaafu Uingereza na anataka kurudi Wete: aanzie wapi?

BintiWete

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba msaada wa wanaojua, si wa kubahatisha. Ami yangu ni mzaliwa wa Wete, Pemba, yuko Uingereza tangu miaka ya tisini, ana pasi ya Kiingereza na uraia wa Tanzania hana tena. Kazaliwa mwishoni mwa Agosti 1960. Mkewe keshatangulia mbele ya haki. Anataka akistaafu arudi Pemba moja kwa moja, akae na msaidizi mmoja. Presha anayo, na sukari anachoma insulini.

Pensheni atalipwaje akiwa huku, na ni kweli kwamba inagandishwa? Ataishi kwa karatasi gani? Ami mdogo ana kiwanja Limbani, amemwambia "jenga tu, hapo ni kwako". Na nyumba ya mtu mzima kwa maji na umeme wetu huu inataka nini? Ana haraka kweli, anataka kutuma pesa za msingi mwezi ujao.

Kusi_Kaskazi

Wa alaykum salaam dada. Msingi usubiri. Pensheni kwanza, ndiyo itakayomlisha.

Aliyezaliwa kabla ya tarehe 6 Aprili 1960 huanza kuipata akitimiza miaka 66. Aliyezaliwa kuanzia tarehe 6 Machi 1961 hadi tarehe 5 Aprili 1977 anangoja 67. Waliomo katikati wanaongezewa mwezi mmoja mmoja, na wa mwisho wa Agosti 1960 anaangukia miaka 66 na miezi 5, yaani mwishoni mwa Januari 2027. Haiji yenyewe, lazima aombe, na anaweza kuomba kuanzia miezi 4 kabla. Akiwa bado huko aombe huko huko. Akishahama, mambo yake yote yatapita International Pension Centre, ofisi yao ya pensheni za walio nje. Kwa kawaida miaka 35 ya michango ya National Insurance (bima ya taifa ya kule) ndiyo inayotoa pensheni kamili, na chini ya miaka 10 hapati kitu. Aitazame rekodi yake mtandaoni kabla hajafunga mizigo. Mwaka uliokosekana ni rahisi kuufuatilia ukiwa na simu na anwani ya kule kuliko ukiwa Wete.

Kugandishwa ni kweli. Kila Aprili pensheni hupanda, lakini kwa walio nje hupanda tu kwenye nchi zilizomo katika orodha yao, na Tanzania haimo. Atabaki na kiwango alichokuwa nacho siku alipohama, au alichoanzia ikiwa ameomba akiwa huku. Mfano: pensheni kamili ya 2025/26 ilikuwa £230.25 kwa wiki. Aliyebaki Uingereza akiongezwa asilimia 2.5 tu kila mwaka, baada ya miaka 10 atakuwa karibu na £295. Aliyehamia huku yupo pale pale kwenye £230.25. Pengo linapita £64 kwa wiki, na bei ya mchele haikugandishwa. Akienda Uingereza kutembea anaweza kulipwa kiwango kipya kwa muda aliopo huko tu, akirudi kinashuka. Kwa hivyo bajeti yake aipange kwa pesa isiyokua. Nyumba ndogo, mtu wa kazi mmoja, na akiba ya pembeni ya kuzibia pengo kuanzia mwaka wa tano au wa sita.

Kama anapata msaada wa kodi ya nyumba, au anategemea baadaye Pension Credit (nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo), asivitie kwenye hesabu. Vinabaki kule.

Ushuru wa mapato: ajaze fomu P85, ya kuwaarifu watoza ushuru wa kule kwamba anahama, anapoondoka. Raia wa Uingereza huendelea kuwa na ile sehemu isiyotozwa, £12,570 kwa mwaka, hata akiishi nje. Pensheni kamili ya mfano wetu ni £11,973 kwa mwaka, inaingia humo. Akiwa na pensheni ya kazini juu yake, kinachozidi ndicho kinachokatwa.

Sasa jambo linalowakwamisha wengi: hati ya uhai. Kila baada ya muda hutumiwa karatasi kwa posta ya kuthibitisha kwamba yu hai. Anasaini mbele ya shahidi, mtu mwenye kazi inayotambulika kama mwalimu, mwanasheria, ofisa wa benki au kiongozi wa dini, na asiwe jamaa yake. Isiporudi ndani ya wiki 16 malipo yanasimamishwa. Kwetu barua haifiki mlangoni, inafika sandukuni. Afungue S.L.P. yake mwenyewe posta ya Wete au Chake, asitumie ya skuli au ya duka la mtu, na wewe uwe unaikagua kila wiki. Akibadilisha sanduku awaarifu siku hiyo hiyo. Akiirejesha hati, ipigeni nakala na mweke risiti ya rejesta.

Malipo huja kila wiki 4 au kila wiki 13, kwenye akaunti ya Uingereza au ya huku. Mimi ningechagua wiki 4 na akaunti ya kule, kisha avute kidogo kidogo. Ila aiulize benki yake kabla hajabadilisha anwani, maana baadhi ya benki za kule hufunga akaunti za wateja wanaohamia nje, na barua ya kufungiwa ikija wakati pesa ya mwezi iko njiani ni fujo tupu.

Mpita_Bandarini

Mbona mnamtisha mzee? Aache anwani ya mwanawe London, asiseme kahama, pensheni ipande kama kawaida. Wangapi wanafanya.

Kusi_Kaskazi

Ndugu, usimtie mzee mtegoni. Kutosema umehama ni udanganyifu kwa sheria ya kule. Wakigundua wanadai chote kilichozidi, na wanaweza kukikata kwenye pensheni yenyewe. Kugundua si kazi: pasi ina mihuri, na kibali cha kukaa huku kina tarehe.

Maalim_Shamba

Kwenye karatasi za kukaa na hicho kiwanja.

Kwa sheria ya Tanzania, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unamtoka. Uraia pacha hakuna. Basi hata kama kitovu chake kimezikwa Wete, dirishani kwa ofisa uhamiaji ami si raia, ni mwenye pasi ya Kiingereza. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hivyo asitafute mlango wa pembeni Zanzibar.

Akiingia kwa viza ya kawaida ya dola 50 ana siku 90. Juu yake kuna bima ya lazima ya wageni wanaoingia Zanzibar, dola 44, ya siku 92, inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar tangu Oktoba 2024. Viza ni ya kuja kukagua mahali, si ya kuhamia. Wa kukaa anahitaji kibali cha ukaazi, na mstaafu anaomba daraja C, maombi yanaanzia kwenye mfumo wa mtandaoni wa Uhamiaji. Ajiandae na pasi yenye muda wa kutosha, picha, barua ya maombi na uthibitisho wa kipato: barua ya pensheni na taarifa za benki. Kibali hicho hakimruhusu kufanya kazi wala biashara. Kina mwisho, na kuhuisha aanze miezi 2 au 3 kabla, asingoje wiki ya mwisho. Hata baada ya kukipata, sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) wa shehia anayokaa lazima amjue, kwani barua ya sheha ndiyo inayofungua milango ya mambo mengi madogo madogo.

Wengine watamwambia aukane uraia wa Uingereza arudie wa Tanzania. Pensheni haitapotea kwa hilo, kwa kuwa inafuata michango na si pasi. Kinachopotea ni haki ya kurudi kule akiugua au akichoka na huku, na kwa mwenye miaka 66 na sukari hiyo si haki ya kuichezea.

Kiwanja. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Rais, kwa Sheria ya Ardhi ya 1992, na haki ya matumizi hupewa Mzanzibari. Asiye raia hupitia ukodishwaji wa uwekezaji chini ya ZIPA (mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar), au ananunua fleti katika miradi iliyoidhinishwa, kama ile ya Fumba, Unguja. Mzee anayetaka vyumba viwili Limbani hayumo katika hayo yote mawili.

Kwa hiyo ile "hapo ni kwako" ni maneno ya mapenzi, siyo hati. Nyumba itasimama kwenye haki ya ami mdogo. Ami mdogo akitangulia, mirathi inakwenda kwa mke na watoto wake, na akiacha mtoto wa kiume ndugu hazuiliwi nusu nusu, anazuiliwa wote. Watoto wakitaka kugawana au kuuza, ami yako mkubwa atakuwa mpangaji asiye na mkataba ndani ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

BintiWete

Maalim, ahsante. Na wakiandikiana mbele ya sheha na mashahidi wawili?

Maalim_Shamba

Maandishi ya sheha yatathibitisha kwamba pesa zilitoka kwa nani. Hayampi asiye raia haki ya ardhi, na yakipingwa yanageuka kesi. Mzee wa miaka 75 hana umri wa kesi.

Njia iliyo safi zaidi: ami mdogo ndiye ajenge, au amalizie nyumba aliyonayo, na mkubwa akodi kwake kwa mkataba wa maandishi, miaka 2 na haki ya kuongeza, kodi ya mwaka mmoja ikitangulizwa kumsaidia ujenzi. Kodi iandikwe kwa shilingi. Tangu 2025 kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ni marufuku. Akitaka kusaidia zaidi ya hapo, atoe kiasi ambacho siku yoyote anaweza kukihesabu kuwa ni zawadi kwa nduguye, na kilichobaki akitie kwenye vitu vinavyohamishika: tangi, pampu, betri, friji, kitanda.

Na hata ami mdogo mwenyewe aulizwe: kiwanja alikipataje? Kama ni urithi ambao haujagawanywa, kila mrithi ana fungu, na hao walioko Maskati na Dubai nao wamo. Wapitie Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana wagawane kwanza. Kama ni kipande cha eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, zile hazikutolewa ili ziuzwe. Tena watazame miti. Kwetu mkarafuu au mnazi unaweza kuwa wa mtu na ardhi ya mwengine, na kukata mkarafuu wa watu ili kupata sehemu ya varanda kunavunja ujirani kabla hata nyumba haijaezekwa.

Fundi_Chokaa

Nitasema kuhusu nyumba, iwe ya kujenga au ya kukodi.

Maji kwanza. Watu wawili na mgeni wa mara kwa mara, hesabu lita 80 kwa mtu kwa siku, jumla lita 240. Simtangi la lita 2,000 litawapeleka siku 8 bomba likikatika. La lita 1,000 ni siku 4, halitoshi. Kumbuka lita 2,000 ni tani 2. Mnara wa nguzo za mbao haufai, na tangi likae kwenye bamba la zege lililo sawa, lisining'inie ukingoni, maana linapasuka chini kwenye kona. Bomba la kumwagikia liwekewe wavu mwembamba, la sivyo unafuga mbu. Lioshwe kila miezi 6.

Presha ya maji inatokana na kimo: kila mita 10 ni baa 1. Tangi lililo mita 4 juu ya bomba la kuogea linakupa baa 0.4. Kwa kuoga inatosha, kwa mashine ya kufulia haitoshi, nyingi zinataka baa 0.5 au zaidi, na yake ya kutoka Uingereza itajaza polepole, ichoke, isimame na kuonyesha hitilafu. Watu huita fundi umeme wakati mashine haina ubaya wowote. Pampu ndogo ya nusu horsepawa baada ya tangi inamaliza tatizo. Iwekwe boya tangini ili isizunguke kavu, ikizunguka kavu inaungua.

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, na soketi ni za pini tatu za mraba kama za Uingereza, kwa hivyo vyombo vyake vinaingia bila adapta. Kinachoua vyombo ni kupanda na kushuka. Friji iwe na kidhibiti cha volti chenye kuchelewesha dakika 3 kabla ya kuwasha tena, kwa sababu kompresa ikiwashwa ingali na mgandamizo ndani inaungua. Tukuza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, asingoje isome sifuri. Mtandao wa kununulia ukianguka Ijumaa jioni, namba 20 za kuingiza hazipatikani. Na kwa mtu wa insulini mimi singetegemea ZECO (shirika la umeme la Zanzibar) peke yake. Pemba inalishwa kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, ni afadhali kubwa kuliko majenereta ya zamani, lakini waya ni mmoja. Betri ya lithiamu ya volti 24, amp-saa 100, ina takriban uniti 2.4. Friji ndogo inakula kama uniti 1 kwa siku, kwa hiyo friji, taa tatu na feni vinavuka usiku na kutwa ya pili bila wasiwasi, na paneli za wati 600 hivi zinaijaza siku ya jua. Wakati wa masika punguza matumaini.

Mtu mzima: mlango wa choo uwe sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite, na ufunguke kwa nje, maana mtu akianguka nyuma ya mlango wa kufunguka ndani hamwezi kumfikia. Choo cha kukaa, si cha kuchuchumaa. Vigae vya sakafu viwe vya kukwaruza. Vinavyong'ara weka ukutani. Vishikio vya chooni visifungwe kwenye tofali lenye tundu, skrubu itang'oka siku atakapojitia uzito. Yajazwe zege matofali ya sehemu hiyo tangu ukuta unapopanda. Ngazi ya baraza isizidi sentimita 15.

Chumvi. Wete ni pwani, msijidanganye kwamba upepo haufiki. Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege, chumvi inakula nondo, nondo inavimba na kupasua boriti. Nondo ifunikwe milimita 40 za zege kwa upande wa nje. Bati la alumini linadumu kuliko la zinki. Komeo na bawaba, nunua chuma cha pua cha daraja la 316, kile cha 304 kitaanza madoa ya kutu mwaka wa kwanza.

Kama mtapata nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, msiipige plasta ya saruji. Ukuta ule unapumua, saruji inafungia unyevu ndani na baada ya mvua mbili plasta inabanduka na kipande cha jiwe. Na kabla ya kusaini mkataba wowote, nyumba ikaguliwe mwezi wa Aprili au Mei. Mwezi wa Januari kila nyumba ni nzuri.

Nesi_wa_Chake

Mimi ni ya afya tu, kwa ufupi.

Hospitali za kule zitakuwa si za bure tena kwake akishahamia nje, hata kama anapokea pensheni ya kule. Akienda kutembea akalazwa, anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama. Dharura ya mlangoni na daktari wa familia haitozwi. Akirudi kuishi moja kwa moja, haki inarudi siku anapotua.

Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Isikae karibu na sehemu ya kugandisha, ikiganda imekufa hata ikiyeyuka vizuri. Iliyofunguliwa, nyingi hudumu kama siku 28 chini ya nyuzi 30, na wakati wa kaskazi chumba chetu kinapita hapo. Mtungi wa udongo unasaidia kidogo tu Pemba: unapoza kwa maji kukauka, na hewa yetu ina unyevu mwingi, haikaushi. Kwa hivyo Fundi amesema kweli kuhusu betri.

Aje na dawa za miezi 3 kwenye pakiti zake, na barua ya daktari yenye majina ya kitaalamu ya dawa, siyo ya biashara, ili mfamasia huku ampe iliyo sawa. Kama dawa ya presha ni ya kukojoza, amuone daktari ndani ya wiki za mwanzo. Joto linamkausha, dozi ya baridi ya kule inaweza kumwangusha huku. Kabla ya Ramadhani ya kwanza, hesabu ya insulini ipangwe upya na daktari.

Malaria: watu wanasema "huyu kazaliwa huku, hadhuriki". Kinga ya utotoni imekwisha baada ya miaka thelathini ya baridi. Chandarua kila usiku, na homa yoyote apimwe siku hiyo hiyo. Ikiwa ni malaria anapewa dawa mseto, asimeze iliyobaki kwa jirani.

Abdulla Mzee ya Mkoani na hospitali ya Chake zitamhudumia kwa mengi. Kwa moyo au figo, fikirieni Mnazi Mmoja ya Unguja, Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na hiyo ni ndege. Bima ya kuhamisha mgonjwa aikate sasa, kwa sababu makampuni mengi hayapokei mteja mpya akishapita 65 au 70, au yanapandisha bei mno. Asome kifungu cha maradhi aliyokuja nayo. Sukari asipoiandika kwenye fomu, bima haitalipa.

Kontena20

La mizigo nalo, haraka. Anayehamisha makazi huwa na msamaha wa ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa vyombo vya nyumbani vilivyotumika na gari moja aliyoimiliki na kuitumia nje kwa angalau miezi 12. Mzigo uingie ndani ya siku 90 tangu afike, ukichelewa aombe muda kwa maandishi. Kitu kipya ndani ya boksi hakimo, hata kikiitwa cha zamani. Aandike orodha, kila boksi namba yake, orodha moja ndani ya boksi na moja mkononi. Boksi lisilo namba ndilo litakalofunguliwa lote.

BintiWete

Mungu awalipe nyote. Nimemsomea kwa simu. Msingi kausimamisha. Atakuja Aprili kwa viza, akae na masika, na nimeshaulizia sanduku posta. Maalim, ule mkataba wa miaka 2, je, uandikwe tangu sasa au akishapata kibali?

Maalim_Shamba

Akishapata kibali, dada. Tarehe ya mkataba ianzie siku ya kibali au baada yake, na kodi ya awali aipitishe benki kwa jina lake, siyo mkononi.